Kigoda cha Posa

Tangu Jumatatu Mzee Khamisi alikuwa hajakaa kitako. Alisimama, alilala ubavu, alilala kifudifudi, alitembea uani kutoka kwenye tangi la maji hadi banda la kuku na kurudi, lakini kukaa, hapana. Na huyu ni mtu aliyejulikana mnada mzima wa Chemba kwa kukaa. Miaka ishirini amenunua ng'ombe pale akiwa ameketi juu ya dumu lake la manjano, mguu juu ya mguu, anakataa bei ya kwanza, anakataa ya pili, anakataa ya tatu, na hanyanyuki mpaka mwenye ng'ombe achoke mwenyewe. Wenzake walisema Khamisi habishani kwa mdomo, anabishana kwa makalio. Haya, sasa makalio yenyewe yalikuwa yamegoma.

Sababu aliijua yeye, mkewe Hamida, na hospitali. Bawasiri. Aliiuguza kwa siri miaka minne, akajipaka kila mafuta aliyouziwa mnadani, akanywa mizizi michungu iliyomtoa machozi, mpaka asubuhi moja aliona damu iliyomtia hofu. Akaenda hospitali kubwa ya mjini kimyakimya, akapasuliwa. Kwa majirani wa mtaa wao wa Ipagala, na kwa binti yake Nasra, habari ilikuwa moja tu: mzee anaumwa mgongo. Na usiwe mwepesi wa kumwita mwongo, maana sindano ya ganzi alichomwa mgongoni kweli. Ukweli wake ulianzia hapo na ukaishia hapo.

Ingekuwa ni kuugua tu, angeugua akapona, nasi tungezungumza mengine. Balaa lilikuwa Jumapili.

Jumapili wazee wa kijiji cha Haubi walikuwa wanakuja kumposa Nasra. Posa hii ilikwisha kuahirishwa mara mbili, na mara zote mbili mwahirishaji ni Khamisi. Mara ya kwanza alisema ana safari ya ng'ombe. Mara ya pili alisema mvua imekata barabara, na mvua yenyewe ilikuwa manyunyu yasiyolowesha hata vumbi. Mzee Yahaya, baba mkubwa wa kijana, mtu wa vilimani mwenye shingo ngumu, akatuma neno: "Tutakuja mara ya tatu. Ya nne haipo." Nasra ana miaka ishirini na tisa, ni mwalimu, na huyo Hamza wake amemngojea miaka mitatu. Aliposikia neno la Yahaya hakulia wala hakugomba. Alimwambia baba yake, "Baba, hii ikiharibika sitaleta mwingine," akaenda kuanua nguo. Khamisi anamjua binti yake. Hilo lilimkaa rohoni.

Sasa utauliza, mtu mwenye akili timamu anakwenda kupasuliwa wiki ya posa? Hata Hamida aliuliza. Lakini Khamisi alipasuliwa kwa ajili ya posa hiyohiyo. Kina Yahaya hawaji na barua peke yake, wanakuja na kigoda. Mzee wao anakichonga kwa mkono wake, anakiweka mbele ya baba wa binti, na barua haifunguliwi mpaka baba akikalie. Akikikalia, amepokea, na atakaa hapo mpaka neno la mwisho lisomwe. Akikiacha, amekataa. Wageni wanaaga bila kunywa maji, hawabishi na hawaulizi sababu. Khamisi na bawasiri yake alijua hawezi kukikalia kigoda cha mti hata kwa dakika moja, ndiyo maana alikwepa mara mbili. Akaona dawa ni kisu. Kichwani mwake ilikuwa kama kung'oa jino: Jumatatu unang'oa, Jumanne unatafuna nyama.

Jumanne ganzi ilikuwa imekwisha, na Khamisi akayajua mambo.

Hospitalini alilala akitazama sakafu kwa aibu, na kila aliyeingia alimjua kwa viatu tu. Daktari alikuwa viatu vyeusi vyenye haraka. Nesi wake alikuwa yeboyebo za kijani na sauti ya kiume, ya taratibu, isiyocheka. "Vuta pumzi, mzee. Legeza. Usijikaze, ukijikaza unajiumiza." Nesi huyo ndiye aliyemfungashia dawa na kumpa maelekezo: dawa ya maumivu kwa saa zake, usingoje yazidi ndipo umeze, dawa ya maji ya kulainisha choo asubuhi na jioni, maji ya kunywa kwa wingi, matunda na mboga, na kukalia beseni la maji ya vuguvugu dakika kumi na tano, mara tatu kwa siku na kila utokapo chooni. Damu kidogo usishtuke. Damu nyingi, homa, au ukishindwa kukojoa, piga simu hapohapo. Akamwachia namba. Khamisi akaihifadhi kwa jina la Fundi Bomba, maana simu yake watu wa mnadani huishika ovyo.

Maelekezo yote aliyasikia, na karibu yote akayapuuza. Kufika nyumbani alipiga hesabu ya kifugaji: ng'ombe asiyekula hanyi. Basi naye akaacha kula. Vijiko viwili vya uji asubuhi, viwili jioni, maji ya kulowesha ulimi. Dawa ya kulainisha aliisukuma nyuma ya redio.

"Kwa nini nilainishe kitu ambacho sitaki kije?" alimuuliza Hamida.

"Kitakuja, Baba Nasra," alisema Hamida. "Hicho hakihitaji mwaliko."

Majirani nao hawakumpa nafasi. Nikodemo wa nyumba ya pili, mtu wa msaada kupita kiasi, alisikia habari za mgongo akaja na chupa ya mafuta ya kondoo na kiti cha mbao kilichonyooka. Akasema mgongo wa aina hiyo dawa yake ni kukaa wima, na akamshika mabega amkalishe. Khamisi alijishikilia kwenye mwimo wa mlango kama mbuzi anayepelekwa machinjioni. Mwishowe walipatana akandwe akiwa amelala kifudifudi. Nikodemo alimkanda nusu saa kwa magoti na viwiko, na Hamida ilibidi aende jikoni kucheka.

Alhamisi tumbo lilidai haki yake, na mwenye tumbo akakataa kulipa. Maumivu yakazidi. Hamida akaleta beseni la maji ya vuguvugu, akalijaribu kwa kiwiko kama anavyofanyiwa mtoto mchanga. Khamisi akachovya kidole, akaona ni mzaha.

"Haya ni maji ya kuogea kifaranga," alisema. "Dawa ya moto ni moto." Mke alipogeuka kuchukua taulo, akanyanyua chupa ya chai iliyojaa maji ya moto, akamimina yote, akakaa.

Alikaa kwa muda wa kusema bismillahi. Nasra aliyekuwa sebuleni akisahihisha madaftari alisikia kishindo, kisha beseni likibingirika, kisha baba yake akitaja majina ya mababu zake watatu.

"Baba, kuna nini?" aliuliza mlangoni.

"Mgongo," alisema Khamisi kwa sauti nyembamba.

Ndipo akampigia Fundi Bomba. Alikwenda kusimama nyuma ya banda la kuku, akaeleza kila kitu, maana kwa mtu ambaye amekwisha kuona yote hakuna la kuficha. Nesi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mzee, tangu Jumanne umekula nini?"

"Uji."

"Kiasi gani?"

"Vijiko vinane, nikijumlisha."

"Na ile dawa ya maji?"

"Iko nyuma ya redio."

Nesi akashusha pumzi. Kisha akamweleza polepole, bila kumkaripia, kwamba choo kisichokuja kinakauka, na kikikauka ndicho kitakachomchana. Ale leo. Anywe maji mpaka mkojo uwe mweupe. Papai, na mlenda ikiwezekana, kila mlo. Maji ya beseni yawe yale ambayo angemwogeshea mjukuu. Na siku ikifika asisukume wala asikae chooni kusoma gazeti.

"Mlenda," alisema Khamisi kwa dharau. Alikula mlenda utoto wake wote, na alipopata pesa za ng'ombe aliapa meza yake haitauona tena.

"Mlenda, mzee. Mboga hiyo mnaitukana bure." Kisha akaongeza, "Naona una haraka. Kuna kitu kinakusukuma?"

"Jumapili nina wageni. Lazima nikae kwenye kigoda mpaka barua yao isomwe yote. Binti yangu anaposwa."

Khamisi alidhani mtandao umekatika.

"Barua za namna hiyo," alisema nesi hatimaye, "nasikia hufika kurasa nne."

"Utaniua, kijana."

"Hutakufa. Siku hiyo kaa kwenye maji kabla hawajafika. Meza dawa ya maumivu nusu saa kabla. Ukikaa, egemea paja moja, halafu badilisha. Na ukiweza kusimama, simama."

Khamisi alimwombea dua mtoto huyo wa watu. Alimwambia Hamida usiku uleule: laiti Nasra angempata kijana mwenye adabu kama yule nesi, badala ya huyo Hamza asiyejulikana, ambaye kila ukiuliza kazi yake unaambiwa yuko serikalini. Dodoma hii nani hayuko serikalini? Ndiyo maana aliweka sharti kwa Yahaya: kijana aje mwenyewe siku ya posa, nimwone kwa macho, mimi siozeshi picha.

Sasa unataka nikusimulie kilichotokea Ijumaa. Sikusimulii. Nitasema tu kwamba alikula mlenda mara tatu, papai zima na lita tatu za maji. Kwamba aliingia chooni na tasbihi. Kwamba Hamida alisimama nje akimwambia maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Na kwamba alitoka huko amelowa jasho, akajitumbukiza kwenye beseni la vuguvugu, akafumba macho, na akawa radhi na ulimwengu wote, Nikodemo akiwemo.

Jumamosi walifanya mazoezi. Hamida alimenya karanga akihesabu, Khamisi akakaa juu ya mto. Mara ya kwanza alifika kumi na mbili. Baada ya dawa alifika arobaini. Jioni alifika mia na hamsini, akaanza kutamba. Hamida akamkumbusha kwamba kigoda hakiji na mto.

Wageni walifika Jumapili baada ya adhuhuri, wazee wanne wenye kanzu na kofia, na nyuma yao kijana mrefu aliyeinamisha uso. Khamisi aliwapokea mlangoni amesimama, ametoka kwenye maji sasa hivi, dawa iko tumboni. Mzee Yahaya alikuwa mfupi, mkavu, ana ndevu nyeupe na macho ya kukagua. Kwapani alikuwa na kigoda kimefungwa kwa kanga mpya. Akakifungua na kukiweka katikati ya sebule. Kilikuwa cha mninga, chekundu, kimesuguliwa mpaka kinang'aa, na upana wake haukuzidi sahani ya wali.

"Nimekichonga miezi miwili," alisema Yahaya. "Hakina msumari."

Wazee wakaketi kwenye makochi. Kijana akasogea, akapiga goti mbele ya Khamisi bila kuinua macho.

"Shikamoo, baba."

Sauti ile ilimpiga Khamisi kifuani. Ni ya kiume, ya taratibu, isiyocheka. Akatazama miguuni kwa kijana akaona viatu vyeusi vya ngozi, vya sherehe, lakini havikumdanganya. Huyu ndiye aliyemwambia alegeze. Huyu ndiye aliyemgeuza Jumatatu usiku na kumfunga pamba. Kwa watu wetu mkwe hapiti karibu na kitanda cha baba mkwe, hali naye sahani moja, akimwona amevua shati anageuza njia. Na huyu alikuwa ameona nini? Masikio ya Khamisi yalipata moto. Aliona aibu hadi akatamani sakafu ifunguke.

"Marahaba," alisema mwishowe, na wazo likamjia hapohapo, jepesi na tamu. Asikae tu. Kigoda kipo pale, akiache. Watanyanyuka, wataaga, hawatauliza sababu. Yule kijana atarudi kwenye wodi zake na hawataonana tena mpaka kiyama. Halafu akakumbuka maneno ya Nasra kabla ya kwenda kuanua nguo.

"Kijana," alisema, "njoo unisaidie maji ya wazee ya kunawa."

Ukumbini, nyuma ya mlango uliorudishwa, walisimama wawili na jagi katikati yao. Hamza alitazama jagi.

"Ulinijua tangu lini?" Khamisi alinong'ona.

"Tangu nilipoliona jina kwenye faili, baba."

"Na hukujitambulisha?"

"Ulikuwa umelala kifudifudi. Niliona hapo si mahali pa posa."

"Umemwambia nani? Nasra anajua?"

"Nasra anajua mgongo. Kila siku ananiuliza dawa ya mgongo, namwambia baba apumzike."

"Na huyu baba yako mkubwa?"

"Hajui kitu."

"Nisipokikalia kile kigoda, ataondoka."

"Ataondoka," alikubali Hamza.

"Nawe hutamwambia sababu?"

Hamza aliinua macho kwa mara ya kwanza. Yalikuwa mekundu. "Hiyo si siri yangu, baba. Nikiitoa ili nioe, kesho nitatoa ya mwingine kwa ajili ya jambo dogo zaidi."

Khamisi akamkabidhi jagi, akarudi sebuleni, akakisogelea kigoda, akashika magoti, akakaa.

Sitaki kukutisha, lakini mninga ni mti mgumu. Maumivu yalipanda kutoka pale mpaka kwenye meno. Aliegemea paja la kulia, akahamia la kushoto, akarudi la kulia. Machozi yakamjaa, akayaacha yateremke. Wazee wakatazamana kwa upole, na mmoja wao akasema kwa sauti ya chini kwamba si rahisi mzazi kumtoa binti wa pekee. Yahaya aliguswa. Alitoa barua kwenye mfuko wa kanzu, akaikunjua. Kurasa zilikuwa sita.

Na msomaji ni Yahaya mwenyewe, bila miwani. Alianza na salamu. Akaja kwenye nasaba, kuanzia babu aliyehamia Haubi na ng'ombe wawili. Kila neno aliliweka mbali na macho, akalisogeza karibu, akalisoma, akalirudia ili lieleweke. Ukurasa wa kwanza ulipokwisha Khamisi alikuwa amekwisha kuhesabu mara mbili zile mia na hamsini zake. Jasho lilimtoka chini ya kofia. Ukurasa wa pili ulifunguka na babu mwingine.

Hapo Hamza, aliyekuwa ameketi mkekani karibu na mlango, akanyanyuka. Akaenda mpaka kwa baba yake mkubwa, akaipokea barua mkononi mwake kabla mzee hajajua kinachotokea, na akaanza kusoma. Alisoma kama mtangazaji wa mpira dakika za majeruhi. Mababu watano walipita kwa pumzi moja. Mahari ilipita, masharti ya ndoa yakapita, ukurasa wa tatu, wa nne, na wazee wakawa wanageuza vichwa kana kwamba neno lililopita bado wanaweza kulidaka.

"Koma hapo," alisema Yahaya.

Hamza akakoma.

"Kijana anayeposa hasemi," alisema Yahaya. Alichukua barua yake, akaikunja mara mbili. "Hata kukohoa hakohoi. Nimelea mtoto asiyeweza kungoja kurasa sita? Mzee mwenzangu, nisamehe. Umetupokea, umetulilia, na mimi nimekuletea mtu ambaye hajaiva. Tunarudi Haubi. Akikua tutajua la kufanya."

Wazee wengine watatu wakaanza kukusanya kanzu zao wanyanyuke. Khamisi alijua binti yake amesimama ukumbini, nyuma ya pazia la mlango. Alimtazama Hamza. Kijana alikuwa ameinamisha kichwa, mikono nyuma, anapokea lawama zile kama stahili yake. Hakusema "Baba mkubwa, nilikuwa na sababu." Hakumtazama hata Khamisi. Na Khamisi, mtu wa kukataa bei tatu bila kunyanyuka, alihisi uchungu wa moyo uliozidi ule wa kigoda.

"Mzee Yahaya," alisema, "ngoja. Mimi sina mgongo."

"Ati?"

"Naumwa bawasiri. Yaani nilikuwa nayo. Jumatatu nimekatwa. Hapa nilipokaa nimekaa juu ya kidonda cha siku sita, na hayo machozi si ya Nasra, ni ya mninga wako." Sasa ilikuwa imeanza kutoka na hakuweza kuizuia. "Aliyeniuguza ni huyu. Mimi sikumjua, yeye alinijua. Amenisafisha, amenipa dawa, amenikalisha kwenye beseni la maji ya vuguvugu, amenifundisha kula mlenda, na hakumwambia binti yangu wala hakukwambia wewe. Amekunyang'anya hiyo barua kwa sababu ameona nakufa. Ukitaka kumtoza faini, nitoze mimi."

Nyuma ya pazia mfuniko wa sufuria ulianguka. Kisha ikasikika sauti ya Hamida akicheka kwa kikohozi, na sauti ya Nasra, "Mama, kumbe ulijua?" Wazee watatu walitazama dari, ukuta na saa, kila mmoja na lake. Khamisi aliona amejivua nguo mbele ya wakwe na hakuna wa kumrushia hata kanga, na cha ajabu, kifua chake kilikuwa chepesi.

Yahaya aliikunjua barua. Akaipapasa mikunjo yake juu ya goti, akampa Hamza.

"Malizia," alisema. "Kwa mwendo uleule."

Hamza akamaliza kurasa mbili zilizobaki kabla chai haijachemka jikoni, Khamisi akasema amekubali, vigelegele vikalipuka nyuma ya pazia, na baba wa binti akanyanyuka kwenye kigoda kwa msaada wa mkwewe, ameshikwa kwapa mbele ya watu bila kujali. Nasra akaleta sinia la vikombe. Hakumtazama baba yake usoni, lakini alimwekea mto kwenye kochi.

Wazee walipoanza kula, Yahaya alimvuta Khamisi pembeni, karibu na dirisha, akatazama nyuma kuhakikisha hakuna anayewasikiliza.

"Hilo beseni," alisema kwa sauti ya chini, "maji yanafika wapi?"

Khamisi alimtazama. Ndevu nyeupe, uso mkavu, macho ya kukagua yaliyokuwa sasa yanakagua sakafu.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Mwaka wa saba."

"Basi kaa, Mzee Yahaya, nikueleze vizuri," alisema Khamisi, akamsogezea kigoda kwa mguu.

Yahaya alikitazama kile alichokichonga mwenyewe kwa miezi miwili. Akasema afadhali asimame tu.